Kistari kwenye kipimo cha mkojo si hukumu

SIKU hizi madereva, matingo na makarani wengi wanaotafuta ajira katika kampuni za usafirishaji hukutana na sharti ambalo wazazi wetu hawakulijua: kukojoa kwenye kikopo kabla ya kukabidhiwa funguo za gari.

Ndani ya kikopo huchovywa kijiti. Watu husubiri dakika tano hivi, kisha mtu aliyevaa glovu huangalia vistari. Katika dakika hizo tano riziki ya familia nzima yaweza kupatikana au kupotea.

Sisi tunaoishi mpakani ni mabingwa wa vipimo. Tunapima mchele kwa kilo, mawese kwa dumu, kanga kwa doti, na mizani iliyochezewa tunaitambua kabla hata mwenye duka hajafungua mdomo. Lakini tukiwekwa mbele ya kipimo cha mkojo, tunanyamaza kama tuliosimama mbele ya hakimu. Hatuulizi kinapima nini. Hatuulizi kama kuna kipimo cha pili.

Nimeona niandike kidogo juu ya jambo hili kwa sababu linaangukia katika somo langu. Mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia katika shule ya sekondari upande wa Mugina, mpakani na Manyovu. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mpanda, ambako wazazi wangu walifikia baada ya kukimbia mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na tangu nirejee mwaka 2008 ninafundisha kwa Kifaransa na kufafanua kwa Kirundi.

Neno "utando" nililijua kwanza kwa Kiswahili, mwalimu wetu alipotuonyesha ngozi nyembamba iliyo ndani ya ganda la yai. Makala haya yanahusu utando, ila si wa yai. Ni utando wa plastiki, na kazi yake ni kutoa dawa kwenye mkojo ili iweze kupimwa kwa haki.

Jirani na dawa ya kifua

Mwaka 2022 jirani yangu mmoja, naye ni mrejeaji kama mimi, alipata kazi ya udereva katika kampuni ambayo sitaitaja. Alikuwa amefaulu majaribio ya kuendesha gari, leseni yake ilikuwa safi, na mkewe alikuwa ameshaanza kukopa kwa matumaini ya mshahara wa kwanza.

Siku ya kipimo, kijiti kilionyesha kwamba mkojo wake una dawa za jamii ya afyuni, yaani jamii ya mofini na heroini. Aliambiwa arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mkojo ulimwagwa, kijiti kikatupwa.

Jioni alikuja kwangu. "Mwalimu," aliniambia, "mimi hata sigara sivuti. Hiyo heroini ningeinunua kwa fedha gani?"

Nilimuuliza ametumia dawa gani wiki ile. Akanitajia vidonge vya kichwa na chupa ya dawa ya kifua aliyoinunua kwenye duka la dawa la mpakani, kwa kuwa alikuwa akikohoa usiku. Tulipoitazama chupa, maandishi madogo ubavuni yalikuwa na neno kodeini.

Nilimsaidia kuandika barua ya kuomba apimwe upya kwa kipimo cha maabara. Jibu lilichukua wiki mbili, nalo lilikuwa fupi: hakuna sampuli iliyobaki, na nafasi imeshajazwa.

Ndugu msomaji, simwandiki jirani yangu ili tumwonee huruma tu. Namwandika kwa sababu kisa chake kina kemia ndani yake, na kemia hiyo inamhusu kila anayevuka mpaka akiwa na kikohozi, malaria au kifua kikuu.

Kijiti kinasema nini?

Kijiti cha kupimia mkojo chenyewe kina utando ndani. Ile karatasi nyeupe unayoiona dirishani si karatasi ya daftari, ni nitroselulosi, polima inayotengenezwa kutokana na pamba au miti. Mkojo hupanda ndani yake polepole kama mafuta ya taa yanavyopanda utambini.

Njiani mkojo hukutana na kingamwili zilizopakwa rangi. Kingamwili ni chembe ambazo kazi yake ni kukamata kitu cha umbo fulani, kama kufuli inavyopokea ufunguo wake. Mbele zaidi pamechorwa mstari wenye chambo, yaani dawa ileile iliyogandishwa kwenye utando.

Kama mkojo hauna dawa, kingamwili hufika kwenye chambo zikiwa huru, hushika, na kistari cha rangi hujitokeza. Kama mkojo una dawa nyingi, kingamwili zinakuwa zimeshashibishwa njiani, hazishiki chambo, na kistari hakitokei.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Katika kijiti cha mimba kistari cha pili maana yake "ipo". Katika kijiti cha dawa za kulevya ni kinyume chake: kistari kikitokea, hata kikiwa hafifu, maana yake dawa haikufikia kiwango. Anayesoma kwa haraka anaweza kumpa mtu majibu yasiyo yake.

Na kiwango chenyewe ni kitu cha kupangwa na watu. Vipo vijiti vya afyuni vinavyobadilika mkojo ukifikisha nanogramu 300 kwa mililita, na vipo vya nanogramu 2,000. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Nanogramu 300 kwa mililita ni sawa na kuyeyusha gramu moja katika mapipa kama 17 ya lita 200.

Serikali ya Marekani ilikuwa ikitumia kiwango cha 300 kuwapima watumishi wake. Mwaka 1998 ilikipandisha hadi 2,000, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakikamatwa kwa sababu ya mbegu za mpopi zilizowekwa kwenye mikate na kwa dawa halali za hospitali. Yaani kwa mkojo uleule, mtu angeweza kuitwa mtumiaji mwaka mmoja na kuitwa msafi mwaka unaofuata.

Kufuli inayofunguliwa na funguo nyingi

Tatizo kubwa la kijiti ni kwamba kufuli yake hufunguliwa na zaidi ya ufunguo mmoja.

Kodeini ikiingia mwilini, ini hubadili sehemu yake kuwa mofini. Hivyo aliyekunywa dawa ya kikohozi na aliyetumia heroini wote hukojoa mofini. Kijiti husema tu "jamii ya afyuni ipo". Hakisemi imetoka wapi.

Aidha, kuna dawa ambazo hazina udugu wowote na afyuni lakini huweza kuidanganya aina fulani ya vipimo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ni mojawapo. Baadhi ya antibiotiki za jamii ya kwinoloni, kama ofloksasini na levofloksasini, nazo zimewahi kutoa majibu ya uongo ya afyuni.

Dawa za mafua zenye pseudoefedrini huweza kusomeka kama amfetamini. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi katika nchi zetu, ilijulikana kutoa majibu ya uongo ya bangi kwenye baadhi ya vipimo. Siku hizi wagonjwa wengi wamehamishiwa dolutegraviri, lakini fikiria ni watu wangapi waliotakiwa kuchagua kati ya kuitwa wavuta bangi na kutangaza hali yao ya afya mbele ya karani wa ajira.

Kuna na upande wa pili. Tramadoli, vidonge ambavyo baadhi ya vijana wetu huvimeza ili wabebe mizigo bila kuchoka, kwa kawaida haionekani kwenye kijiti cha afyuni, maana umbo lake ni tofauti na inahitaji kijiti chake. Hivyo kijiti kinaweza kumwangusha anayekohoa na kumpitisha aliyelewa vidonge.

Ndiyo maana wataalamu hukiita kijiti kipimo cha kuchuja, si kipimo cha kuthibitisha. Kinatakiwa kisema "huyu atazamwe zaidi", na si "huyu afukuzwe".

Kazi ya utando maabara

Kipimo cha kuthibitisha hufanywa kwa mashine zinazotenganisha vitu vilivyomo kwenye sampuli, mbinu inayoitwa kromatografia, kisha kutambua kila kimoja kwa uzito wa molekuli zake. Mashine hizo haziangalii umbo tu. Zinatofautisha kodeini na mofini, na mofini na binamu zake.

Lakini mkojo hauwezi kupewa mashine vivi hivi kila mara. Umejaa chumvi, urea, rangi na takataka nyingine za mwili, wakati dawa tunayoitafuta ni kidogo mno. Ni kama kutafuta punje moja ya ulezi ndani ya gunia la mchanga. Inabidi kwanza dawa itolewe na kukusanywa mahali padogo.

Njia ya zamani ilikuwa kutikisa mkojo pamoja na kimiminika cha kuyeyushia, kama klorofomu, kwa mililita nyingi. Njia hiyo hula kemikali za bei, huchafua hewa ya maabara na huacha taka zenye sumu. Maabara nyingi zilihamia kwenye vichujio vidogo vyenye unga maalumu ndani, na hadi leo vichujio hivyo ndivyo vinavyotumika zaidi. Njia ya tatu ni utando.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, Stig Pedersen-Bjergaard na Knut Einar Rasmussen, walichapisha njia iliyowashangaza wenzao kwa urahisi wake. Walichukua mrija mwembamba kama uzi, wenye urefu wa sentimita 8, uliotengenezwa kwa polipropilini.

Usiogope jina hilo. Polipropilini ndiyo plastiki ya viroba vya sandarusi ambavyo mnabebea mahindi na maharage kila siku ya soko. Tofauti ni kwamba mrija wa Oslo una vitundu vidogo sana kwenye kuta zake.

Vitundu hivyo walivijaza oktanoli, kimiminika chenye tabia ya mafuta. Ndani ya mrija wakatia matone ya asidi, mikrolita 25 tu. Kisha wakauzamisha mrija ndani ya mililita 2.5 za mkojo uliotiwa methamfetamini, wakauacha kwa dakika 45.

Sasa angalia ujanja ulipo. Methamfetamini ni besi. Mkojo ukifanywa kuwa na besi kali, molekuli za dawa hupoteza chaji yake ya umeme na kuanza kupenda mafuta kuliko maji. Hivyo huingia kwenye oktanoli iliyomo utandoni na kuvuka.

Zikifika upande wa pili hukutana na asidi, na papo hapo hupata chaji. Kitu chenye chaji hakiwezi kuyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hakiwezi kurudi. Ni kama mtu aliyevuka mpaka kwa kibali cha siku moja, na alipofika ng'ambo akagongewa muhuri usiomruhusu kugeuka. Chumvi zilikuwa na chaji tangu mwanzo, kwa hiyo hubaki upande wa mkojo.

Matokeo yalikuwa kwamba dawa ndani ya mrija ilikolea mara 75 zaidi ya ilivyokuwa kwenye mkojo. Wanafunzi wangu hupenda kukokotoa hesabu hii. Mililita 2.5 ni mikrolita 2,500. Ukizigawa kwa 25 unapata 100. Yaani kama dawa yote ingevuka, ingekolea mara 100. Kwa kuwa ilikolea mara 75, basi robo tatu ya dawa ndiyo iliyovuka. Mkojo wenye nanogramu 10 kwa mililita unakuwa na nanogramu 750 kwa mililita ndani ya mrija, na hapo mashine inaona bila shida.

Na gharama? Chupa ndogo, sindano mbili na kipande cha mrija kinachotupwa baada ya matumizi. Sampuli 5 hadi 20 ziliweza kufanywa kwa pamoja.

Kwa dawa zenye asili ya asidi, kama ibuprofeni na diklofenaki, mpango hugeuzwa: asidi huwekwa upande wa mkojo, besi huwekwa ndani ya mrija.

Umeme na kuli

Miaka saba baadaye, mwaka 2006, watafiti haohao wa Oslo walionyesha kwamba badala ya kungoja dawa ivuke yenyewe, inaweza kuvutwa kwa umeme. Waliweka waya mmoja kwenye sampuli na mwingine ndani ya mrija, wakatumia volti 300, na kazi iliyohitaji dakika nyingi ikafanyika kwa dakika 5. Baadaye ilionekana kwamba kwa baadhi ya dawa hata betri ya kawaida ya volti 9 inaweza kufanya kazi hiyo. Kwa sisi tunaojua adha ya umeme kukatika, habari hiyo si ndogo.

Lakini si kila dawa hukubali kuvuka kirahisi. Mofini ni mkaidi. Molekuli yake ina sehemu ya besi na sehemu ya asidi, inapenda maji, na kwenye mkojo sehemu kubwa ya mofini huwa imefungwa pamoja na aina ya sukari ambayo ini huiongeza ili itoke mwilini kwa urahisi. Maabara hulazimika kwanza kukata kifungo hicho, ndipo itafute namna ya kuitoa.

Kwa vitu vigumu kama hivyo kuna aina nyingine ya utando, ambao mbebaji amewekwa ndani ya plastiki yenyewe. Huchukuliwa polima kama PVC, ile ya mabomba ya maji na magamba ya nyaya za umeme, au selulosi triasetati, iliyotumika kwa miaka mingi kutengeneza filamu za picha. Huyeyushwa pamoja na kilainishi na kemikali ya kubeba, humiminwa kwenye sahani ya kioo na kuachwa. Kimiminika kikikauka hubaki ngozi laini, angavu, unayoweza kuibandua kwa vidole.

Mbebaji mmoja anayejulikana sana huitwa Aliquat 336. Ana chaji chanya, hivyo hushika chembe zenye chaji hasi, huzipitisha ndani ya utando, huzishusha upande wa pili na kubeba nyingine. Wasomaji wa Manyovu na Mugina hawahitaji maelezo zaidi. Huyo ni kuli wa mpakani: anabeba huku, anashusha kule, anarudi kuchukua mzigo mwingine.

Jaribio la uji wa muhogo

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Si kweli. Darasani kwetu hatuna kromatografia, lakini tunao mfuko wa nailoni.

Mifuko hiyo imepigwa marufuku katika nchi zetu moja baada ya nyingine: Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania kuanzia Juni 1, 2019, na Burundi ilitoa amri yake mwaka 2018. Wafanyabiashara mnakumbuka jinsi rambo zilivyoanza kukamatwa kwenye vizuizi. Kwa hiyo sisi tunatumia vipande vya nailoni laini vinavyobaki kwenye vifungashio vya bidhaa.

Ndani ya kipande hicho tunafunga uji mwepesi wa muhogo uliopoa, tunahakikisha hauvuji, kisha tunautumbukiza kwenye maji yenye iodini ya kusafishia vidonda. Baada ya muda uji huanza kuwa wa bluu iliyokaribia weusi, lakini maji ya nje hubaki ya kahawia. Iodini imevuka plastiki ambayo maji hayawezi kuipita kirahisi, imekamatwa na wanga, na haiwezi kurudi. Wanga nao haukuweza kutoka.

Hapo mwanafunzi ameona kwa macho yake mambo matatu yale yale ya Oslo: maji upande mmoja, plastiki katikati, mtego upande wa pili. Siku ya kwanza nilipolifanya, msichana mmoja wa nyuma aliuliza: "Kumbe mfuko si ukuta, mwalimu?" Si ukuta. Ni mlango unaochagua.

Kutoa si kupima

Dawa ikishatolewa bado haijapimwa. Kupima ni kulinganisha.

Maabara huchukua mkojo safi na kuutia kiasi cha dawa kinachojulikana. Tuseme nanogramu 100, 200 na 400 kwa mililita. Mikojo hiyo hupitishwa kwenye utando uleule kama sampuli ya mhusika, kwa sababu tumeona kwamba si dawa yote huvuka. Tuseme mashine ikaonyesha vilele vya urefu wa 15, 30 na 60. Ukichora grafu unapata mstari ulionyooka. Sampuli ya mhusika ikitoa kilele cha 45, basi ina nanogramu 300. Ni hesabu ya uwiano, mtoto wa sekondari anaiweza.

Kwa usalama zaidi kila sampuli hutiwa "pacha mzito", yaani dawa ileile ambayo hidrojeni zake kadhaa zimebadilishwa na hidrojeni nzito. Pacha huyo huvuka utando kama mwenzake, lakini mashine humtambua kwa uzito. Akipotea kidogo njiani, tunajua na mwenzake amepotea kiasi hicho.

Sasa turudi kwenye swali la kodeini na heroini. Heroini ikivunjwa mwilini huacha kitu kinachoitwa 6-monoasetilmofini, ambacho hakitokani na kodeini wala na dawa ya kikohozi. Kikionekana, mtu ametumia heroini. Kisipoonekana, na kodeini ikawa nyingi kuliko mofini, maelezo ya chupa ya kifua yanakuwa na nguvu. Ni kweli kwamba alama hiyo ya heroini hupotea kwenye mkojo baada ya muda mfupi, kwa kawaida ndani ya siku moja, kwa hiyo mtaalamu husoma namba zote kwa pamoja. Lakini angalau anasoma namba, hasomi kivuli cha kistari.

Mwajiri naye ana haki

Nisieleweke vibaya. Mwenye gari la tani 30 linaloshuka milima yetu ana haki ya kutaka dereva asiyelewa. Kodeini yenyewe huleta usingizi, na dereva anayekohoa afadhali amwambie tajiri wake kuliko kuinywa na kushika usukani. Barabara zetu zimeshakula watu wengi.

Hata hivyo, ikumbukwe kuwa mkojo hausemi kama mtu amelewa sasa hivi. Husema kwamba dawa ilipita mwilini. Mabaki ya bangi huweza kuonekana siku chache kwa aliyevuta mara moja, na zaidi ya mwezi kwa mvutaji wa kila siku. Mofini huondoka kwa siku mbili au tatu hivi.

Kuna pia nchi zilizoonyesha kwamba kupima si lazima kuwe kwa ajili ya kufukuza. Tanzania ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011. Katika tiba ya namna hiyo kipimo cha mkojo humsaidia daktari kujua mgonjwa anaendeleaje. Na katika kesi za dawa za kulevya nchini humo, mahakama husubiri ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama mtuhumiwa mahakamani anapewa maabara, kwa nini mtafuta kazi apewe kijiti peke yake?

Ya kukumbuka

Kwa ndugu zangu wafanyabiashara, madereva na abahungutse wenzangu wanaotafuta kibarua upande wowote wa mpaka, nawaachia haya.

Kwanza, kabla ya kutoa mkojo, andika dawa zote ulizotumia wiki mbili zilizopita, pamoja na zile za dukani, na ubaki na nakala. Ukiona ni aibu kumtajia karani dawa zako, omba umtajie muuguzi au daktari peke yake.

Pili, tunza chupa na maboksi ya dawa. Soma maandishi madogo. Kama huwezi kuyasoma, mtoto wako anaweza.

Tatu, omba mkojo ugawanywe katika chupa mbili, zifungwe kwa lakiri mbele yako na utie saini. Moja ipimwe, nyingine ihifadhiwe kwenye baridi. Mkojo uliomwagwa hauwezi kumtetea mtu.

Nne, jibu likiwa baya, uliza maswali matatu kwa adabu: kiwango kilichotumika ni kipi, kimethibitishwa na maabara gani, na kilichoonekana ni dawa gani hasa kwa jina lake. Asiyeweza kujibu hayo hajakupima. Amekuchuja tu.

Na kwa waajiri wanaosoma ukurasa huu: kumpoteza dereva mzuri kwa sababu ya kikohozi ni hasara, na kumpitisha aliyemeza tramadoli kwa sababu kijiti hakikuiona ni hasara kubwa zaidi. Gharama ya kipimo cha pili ni ndogo kuliko gari lililolala bondeni.

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Dakika tano za kijiti ni haraka. Kama utando unahitaji dakika 45 ili kutenganisha dawa na chumvi, sioni ubaya wa ofisi kumpa mtu siku kadhaa ili kutenganisha ukweli na shaka.